Lugha ya Mafumbo ya Hesabu: Namba Hasi na Viwango vya Mwendo katika Pwani ya Kuruwitu

1.0 Utangulizi

Walimu wengi wa hisabati katika madarasa ya kati, yaani yale yanayoitwa leo nchini Kenya gredi ya 7 hadi ya 9, hukubaliana juu ya jambo moja. Mwanafunzi anayeweza kukokotoa 1.5 − 2.0 bila taabu huweza kushindwa kabisa hesabu iyo hiyo inapovikwa maneno. Aghalabu kushindwa huko huhesabiwa kuwa ni udhaifu wa hisabati. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya udhaifu huo ni ya lugha, na kwamba mwalimu wa Kiswahili ana wajibu wake katika kuuondoa.

Mifano itatolewa katika mazingira ya Kuruwitu, kijiji cha pwani katika Kaunti ya Kilifi, karibu na Vipingo, baina ya Mombasa na mji wa Kilifi. Kuruwitu inajulikana kwa juhudi za wenyeji waliounda chama cha hifadhi mwaka 2003, na miaka miwili baadaye wakatenga sehemu ya bahari ya takriban hekta 30 isivuliwe. Mwaka 2017 juhudi hizo zilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Lakini sababu ya kuchagua mahali hapa ni nyingine. Mtoto wa pwani hii hukua akiyaona maji yakijaa na kupwa mara mbili kila siku, akisikia habari za deni na malipo baina ya wavuvi na matajiri wa samaki, na akihesabu saa kwa desturi ya Kiswahili. Mambo hayo matatu ndiyo yaliyo ndani ya mafumbo ya namba hasi na viwango. Kwa hiyo hapana budi kuuliza: ikiwa mtoto anayajua mambo yenyewe, ni kitu gani kinachomzuia kuyatambua katika karatasi ya mtihani?

2.0 Fumbo la hesabu kama matini

Fumbo la hesabu ni matini fupi yenye kanuni zake. Kila neno lina kazi, na neno moja likisomwa vibaya jawabu lote huharibika. Tena ni matini isiyofanana na hadithi wala na mazungumzo. Katika mazungumzo msikilizaji huweza kuuliza, naye msemaji akasahihisha. Katika fumbo hakuna wa kuuliza.

Kwa mtoto wa Kuruwitu kazi hii ina ngazi zaidi ya moja. Nyumbani huenda akasema Kigiriama, Kichonyi au lugha nyingine ya Kimijikenda. Sokoni na uwanjani atasema Kiswahili. Na tangu darasa la nne hufundishwa hisabati kwa Kiingereza. Mpangilio huo una mizizi katika pendekezo la Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, kwamba lugha ya eneo itumike katika miaka mitatu ya kwanza, kisha Kiingereza kishike nafasi. Nchini Tanzania, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu mwaka 1967, istilahi kama namba hasi, namba chanya, kigawanyo na mwendo kasi zimezoeleka darasani. Nchini Kenya, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, lakini hakikupewa kazi ya kueleza hesabu katika madarasa ya juu. Hata hivyo mtoto huendelea kufikiri kwa lugha anazozijua. Mwalimu akitaka kumfafanulia fumbo, aghalabu hurejea kwenye Kiswahili. Ni muhimu basi ijulikane Kiswahili chenyewe kinasaidia wapi, na kinatatiza wapi.

3.0 Sifuri ya pwani

Namba hasi huwatisha wanafunzi kwa kuwa hufundishwa kama kitu kisichoonekana: haiwezekani kushika machungwa hasi matatu. Lakini namba hasi haikuzaliwa kwa machungwa. Mwanahisabati wa Kihindi Brahmagupta, alipoweka kanuni zake mwaka 628, alizieleza kwa maneno ya mali na deni. Wachina nao walitumia vijiti vyekundu kwa namba chanya na vyeusi kwa namba hasi. Katika hali zote mbili kulikuwa na mahali pa kuanzia kuhesabu, na pande mbili zinazokabiliana.

Pwani ina mfano ulio wazi kuliko vijiti. Usawa wa wastani wa bahari ukichukuliwa kuwa sifuri, maji yaliyojaa huwa juu ya sifuri, yaani chanya, na maji yaliyopwa huwa chini ya sifuri, yaani hasi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani ya Mombasa na Kilifi hufikia kiasi cha mita 3 na zaidi. Siku za maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Kutoka maji kujaa hadi maji kupwa hupita muda wa saa 6 na dakika kidogo.

Na litazamwe fumbo hili:

Siku ya bamvua, saa 10 alfajiri, maji yalikuwa mita 1.5 juu ya usawa wa wastani. Yalianza kupwa kwa mwendo ule ule wa mita 0.5 kila saa moja. Je, saa 4 asubuhi yalikuwa wapi?

Muda uliopita ni saa 6. Maji yameshuka 0.5 × 6, yaani mita 3. Basi 1.5 − 3 = −1.5. Maji yako mita 1.5 chini ya usawa wa wastani.

Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba alama ya kutoa haikuandikwa popote katika fumbo. Imefichwa ndani ya kitenzi kupwa. Kiswahili kina vitenzi na maneno mengi ya namna hiyo: kushuka, kupungua, kudaiwa, kurudi nyuma, kuzama, hasara, upungufu, chini ya. Mwanafunzi aliyezoea kutafuta neno "toa" hataliona. Hivyo kazi ya kwanza ya kufumbua ni ya msamiati: kupitia matini na kuweka alama ya − au + juu ya kila neno lenye mwelekeo, kabla ya kugusa namba yoyote.

4.0 Matatizo ya "kwa"

Kiwango ni idadi ya kitu kimoja kwa kila kimoja cha kitu kingine: kilomita kwa saa, shilingi kwa kilo, mita kwa saa. Katika ufafanuzi huo limetumika neno "kwa", na hapo ndipo matatizo yanapoanza, maana katika Kiswahili neno hili hubeba mizigo mingi. Mathalani:

(a) Maji yalipungua kwa mita 2. (kiasi cha badiliko)
(b) Maji yalipungua kwa saa 4. (muda)
(c) Maji yalipungua mita 2 kwa saa. (kiwango)
(d) Gawanya 12 kwa 3. (kigawanyo)
(e) Alinunua pweza kwa shilingi 300. (bei)
(f) Alikwenda kwa mtumbwi. (chombo)

Mwandishi asiye mwangalifu huweza kuandika: "Maji yalipungua kwa mita 2 kwa saa 4." Msomaji mmoja atafahamu kwamba yalipungua mita 2 kwa jumla, katika muda wa saa 4, kiwango ni mita 0.5 kila saa. Mwingine atashika "mita 2 kwa saa" kama kiwango na kuzidisha kwa 4, apate mita 8, bahari ambayo Kuruwitu haijapata kuiona. Kosa hilo la pili si la hisabati, kwani kuzidisha kwake ni sahihi.

Dawa yake ni rahisi. Kiwango na kiandikwe kwa "kila": mita 0.5 kila saa moja, shilingi 300 kila kilo moja. Muda na uandikwe kwa "katika muda wa". Kiasi cha badiliko kibaki na "kwa". Sentensi ile basi itakuwa: "Katika muda wa saa 4, maji yalipungua kwa mita 2," nayo haitaleta shaka.

Kadhalika pana tofauti baina ya "kwa" na "hadi". Bei ikipungua kwa shilingi 50 kutoka 300, imefika 250. Ikipungua hadi shilingi 50, imepungua kwa 250. Herufi chache zinatenganisha majibu mawili yaliyo mbali kabisa.

5.0 Saa iliyo wakati na saa iliyo muda

Tatizo jingine ni neno "saa". Sentensi "Alivua saa tatu" ina maana mbili: kwamba alivua wakati wa saa tatu, au kwamba alivua kwa muda wa saa tatu. Wasemaji wengi wa kawaida hutenganisha maana hizi kwa kusema "masaa matatu" wanapokusudia muda. Wasanifishaji wamelikataa umbo hilo kwa hoja za ngeli, lakini ni dhahiri kwamba wasemaji hawakulizua bure. Walikuwa wakiziba pengo. Katika mafumbo ya hesabu, ambamo usanifu hauna budi kuhifadhiwa, pengo hilo na lizibwe kwa kusema "muda wa saa tatu" au "saa tatu nzima".

Desturi ya kuhesabu saa kuanzia maawio na machweo nayo ina somo ndani yake. Katika fumbo la hapo juu, muda kutoka saa 10 alfajiri hadi saa 4 asubuhi ukitafutwa kwa kutoa tu, hupatikana 4 − 10 = −6. Mwanafunzi wengi wao huona jawabu hilo halina maana, wakageuza namba na kuandika 10 − 4 = 6. Hapa bahati imewaokoa. Lakini muda kutoka saa 11 alfajiri hadi saa 3 asubuhi haupatikani kwa kugeuza: 11 − 3 ni 8, hali muda wenyewe ni saa 4. Njia iliyo sahihi ni kuiacha hasi ijitokeze, kisha kuongeza mzunguko mmoja wa saa 12: 3 − 11 = −8, na −8 + 12 = 4. Hasi hapo imesema jambo la kweli, kwamba saa ilivuka kumi na mbili na kuanza upya. Mtoto anayeambiwa "namba ndogo haitolewi namba kubwa" ananyimwa habari hiyo.

6.0 Hasi mara hasi

Kanuni inayosumbua kuliko zote ni ile isemayo kwamba hasi mara hasi ni chanya. Mara nyingi hukaririwa bila kuelezwa. Lakini maji ya pwani yanaieleza. Ikiwa maji yanapwa kwa mita 0.5 kila saa, kiwango chake ni −0.5. Baada ya saa 3 yatakuwa yamebadilika kwa (−0.5) × 3 = −1.5, yaani yatakuwa chini zaidi. Je, saa tatu zilizopita? Muda uliopita ni −3. Basi (−0.5) × (−3) = +1.5: wakati huo maji yalikuwa juu zaidi kwa mita 1.5. Hakuna mtoto wa pwani asiyejua kwamba maji yanayopwa sasa yalikuwa juu zaidi hapo awali. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba ujuzi huo ndio kanuni yenyewe.

Sarufi ya Kiswahili inao mfano ulio karibu na huo. Katika sentensi iliyotangulia, "hakuna mtoto asiyejua" ina vikanushi viwili, nayo maana yake ni kwamba kila mtoto anajua. Mwalimu wa lugha anapofundisha ukanushi wa namna hii anatayarisha akili kwa ajili ya mwenzake wa hisabati.

7.0 Deni lililopungua

Vikanushi viwili hujificha pia katika habari za fedha. Mvuvi anadaiwa na tajiri wa samaki shilingi 1,200 za nyavu. Kila siku anakatwa shilingi 150 katika mauzo yake. Baada ya siku 5, deni limepungua kwa shilingi 750. Hali yake ni ipi?

Mwanafunzi huona "deni" akaandika −1,200. Akaona "limepungua" akaandika −750. Akajumlisha na kupata −1,950. Kila neno peke yake amelisoma sawa. Alichosahau ni kwamba kilichopungua ni deni, na deni likipungua mali huongezeka. Hesabu iliyo sahihi ni −1,200 − (−750) = −450. Mama karanga anayekaanga samaki na kuwauza kando ya njia, hata kama hakukaa darasani siku nyingi, hawezi kukosa hesabu hiyo, kwani kwake kosa kama hilo ni hasara ya siku ile ile. Mwanafunzi hukosa kwa sababu anayasoma maneno moja moja, naye mama karanga anaitazama hali nzima.

8.0 Pale mvuvi na kitabu wanapopingana

Fumbo la mwisho linakusanya yote yaliyotangulia:

Mlango wa mwamba una sakafu iliyo mita 0.9 chini ya usawa wa wastani. Mtumbwi unahitaji kina cha mita 0.4 ili upite. Saa 10 alfajiri maji yako mita 1.5 juu ya usawa wa wastani, nayo yanapwa mita 0.5 kila saa. Mvuvi aliye nje ya mwamba arudi kabla ya saa ngapi?

Maji yasishuke chini ya −0.9 + 0.4, yaani −0.5. Kutoka 1.5 hadi −0.5 ni mita 2, nazo 2 ÷ 0.5 ni muda wa saa 4. Saa 10 na saa 4 ni 14, toa 12: saa 2 asubuhi. Mwanafunzi atakayesahau alama ya hasi atapata mita 1.0 badala ya 2, naye atamrudisha mvuvi saa 12 alfajiri, amepoteza muda wa saa mbili za kuvua.

Lakini sasa na achukuliwe mwanafunzi mwingine, mtoto wa mvuvi, anayejibu kwamba saa 2 mtumbwi utakuwa umekwisha kukwama. Mwalimu atamkosoa. Na kwa hakika mtoto huyo atakuwa anaijua bahari kuliko kitabu. Maji hayapwi kwa mwendo mmoja. Huanza polepole, huenda mbio katikati, kisha hupunguza tena. Mabaharia hukadiria kwa kugawa tofauti yote katika sehemu 12: saa ya kwanza hushuka sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa tofauti ya mita 3, maji hushuka mita 0.25, 0.5, 0.75, 0.75, 0.5 na 0.25. Baada ya muda wa saa 4 yameshuka mita 2.25, nayo yako −0.75. Kina mlangoni kimebaki mita 0.15 tu. Wakati wa mwisho wa kupita ulikuwa kiasi cha saa 1 na dakika 40.

Hapa ndipo uzito wa jambo hili unapoonekana. Fumbo la kwanza lilisema "kwa mwendo ule ule", hili halikusema. Maneno manne yaliyoachwa yametosha kumfanya mtoto anayesema kweli ahesabiwe kuwa mkosefu. Akikosolewa hivyo mara nyingi, atajifunza kwamba hisabati ni mambo ya karatasi yasiyohusiana na bahari ya babake, kisha ataacha kujaribu. Aliyeathirika ni mwanafunzi, lakini kosa ni la mtungaji wa matini.

9.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba ugumu wa mafumbo ya namba hasi na viwango hutokana kwa kiasi kikubwa na mambo manne ya lugha: maneno yanayoficha mwelekeo, wingi wa maana za "kwa", utata wa "saa", na ukanushi uliorudufiwa. Kwa hiyo yafaa mwanafunzi afundishwe kufumbua kwa hatua. Kwanza, asome matini yote na aseme hali kwa maneno yake mwenyewe, kwa lugha aliyo nayo. Pili, aulize sifuri iko wapi na upande upi ni chanya. Tatu, aweke alama juu ya kila neno lenye mwelekeo. Nne, atenganishe kiwango, muda na kiasi cha badiliko. Tano, ndipo akokotoe. Sita, alirudishe jawabu katika hali yenyewe na kuuliza kama bahari, au mkoba, unaweza kuwa hivyo.

Mtungaji wa mafumbo naye ana wajibu wa kuandika "kila" penye kiwango, "muda wa" penye muda, na "kwa mwendo ule ule" pasipo mabadiliko. Na walimu wa somo la lugha na wa somo la hesabu, ambao katika shule nyingi hukaa chumba kimoja bila kuulizana juu ya kazi zao, wangefaidika kusahihisha karatasi chache pamoja. Wangetambua kwamba baadhi ya makosa yaliyotiwa alama nyekundu katika daftari la hisabati yalipaswa kufundishwa katika kipindi cha Kiswahili.